Fungate Cinque Terre: namna ya kupanga safari ya wawili pwani ya Italia, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni wa wanandoa na wachumba wanaotaka kwenda kukaa baharini Italia, wakae watulie kweli, wasirudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka. Maana plani nyingi ninazoziona ni zilezile, Roma siku mbili, Venice moja, Florence moja, alafu Positano kupiga picha, siku saba zimekwisha na nyie wawili mmeshinda kwenye treni mmekumbatia masanduku badala ya kukumbatiana. Mi msimamo wangu ni mmoja na mtauona kwenye kila hatua: chagueni kijiji kimoja cha pwani, mlale hapohapo usiku tatu au nne, kwa sababu utamu wa pwani ile uko asubuhi mapema na jioni, na saa hizo anazipata yule anayelala pale tu.

Pwani yenyewe ni Cinque Terre, mkoa wa Liguria, kaskazini magharibi ya Italia. Ni vijiji vitano vimepangana juu ya bahari, ukitokea magharibi unaanza na Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola, unamalizia Riomaggiore. Nyumba za rangi ya waridi na njano zimeng'ang'ania mwamba, nyuma yake mlima umekatwa matuta ya mizabibu, na kila tuta limezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bila saruji, kazi ya vizazi na vizazi. UNESCO waliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997 pamoja na Portovenere na visiwa vyake, na 1999 ikawa hifadhi ya taifa. Amalfi, ile pwani ya kusini yenye Positano, nayo nzuri sikatai, ila kule barabara ni moja nyembamba na basi likijaa limejaa mnaachwa juani. Huku kuna treni inayopita vijiji vyote vitano, na hiyo ndo sababu kubwa nawaelekeza huku.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Miezi mizuri ni Juni na Septemba. Kati ya hiyo miwili mi nachagua Septemba bila kufikiria mara mbili, kwa sababu bahari imekaa inachomwa na jua kiangazi kizima na maji yanafika nyuzi 23 hivi, mnaingia mnakaa. Mwezi Mei mji ni mzuri, maua kila mahali, lakini maji ni nyuzi 17 au 18 tu, na mtu aliyezoea bahari ya Mombasa au Bagamoyo ataingiza kidole cha mguu atakitoa, kwa hiyo mkienda Mei jueni mnakwenda kutembea na kula, sio kuogelea.

Agosti epukeni. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao kubwa ya Ferragosto, Waitaliano wenyewe wako likizo wote wamejazana ufukweni, bei ya chumba inapanda vibaya na joto linabana. Pasaka na zile sikukuu za tarehe 25 Aprili na 1 Mei nazo vijiji vinafurika. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mvua inakuwa kali, na pale mvua sio jambo la mchezo, tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yalishusha matope na mawe mpaka ghorofa za chini za Vernazza na Monterosso zikafukiwa na watu wakafa. Tangu hapo wakitangaza tahadhari ya hali ya hewa njia za miguu zinafungwa na hakuna mjadala, mkiambiwa imefungwa geukeni tu.

Kitu kingine ambacho watu wa kwetu kinawashangaza ni jua. Mwezi Juni linazama kama saa tatu na robo usiku! Katikati ya Septemba ni saa moja na nusu hivi. Sasa kama mmepanga chakula cha jioni cha kutazama jua linazama, angalieni saa ya kuzama kwa tarehe zenu kabisa, na wanaosali wajue Magharibi na Isha za Juni zinasogea mbali sana, chakula na sala vipangeni pamoja.

Hatua ya 2: Viza, na muanze mapema

Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na kila mmoja wenu anaomba ya kwake hata kama mmeoana. Dirisha la kuomba linafunguka miezi sita kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla, ila msisubiri huko mwisho, miezi ya kiangazi nafasi za miadi zinajaa, mi nasema miezi mitatu kabla muwe mmeshapeleka makaratasi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Alafu zinakuja zile za kawaida, taarifa za benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, buking ya chumba, buking ya ndege ya kwenda na kurudi, na kama mmeoana weka cheti cha ndoa, inasaidia kueleza kwa nini mnasafiri pamoja na nani analipa.

Chumba na ndege kwa ajili ya viza buku vile vinavyokubali kufutwa bila makato. Msilipe kitu kisichorudishika kabla viza haijagongwa, tafadhalini sana.

Wale mnaoishi Muscat, Dubai au London mnaombea hukohuko mnakoishi kwa kibali chenu cha ukaazi. Na wenye kibali cha kuishi Ujerumani, Sweden, Uholanzi na nchi nyingine za Schengen hamhitaji viza nyingine, bebeni pasipoti na kadi yenu ya ukaazi muende.

Hatua ya 3: Kijiji gani mlale

Hapa ndo pa kukaa chini mkaongea wawili, kwa sababu vijiji havifanani ingawa kwenye picha vinaonekana ndugu.

Monterosso ndo kikubwa na ndo pekee chenye ufukwe mrefu wa maana. Kituo cha treni kiko upande wa Fegina, mnatoka mlangoni bahari hii hapa mbele, na sehemu kubwa ya mji ni tambarare. Mji wa kale uko upande wa pili wa kilima, mnapita handaki fupi kwa miguu, mnatokea kwenye vichochoro na kanisa la mistari ya mawe myeupe na myeusi. Kama ni fungate, mna masanduku makubwa, na bibi harusi anataka kupumzika ufukweni, laleni Monterosso. Pale mwisho wa ufukwe kuna sanamu kubwa ya mzee wa bahari imeshikamana na mwamba, wanaiita Il Gigante, ilijengwa mwaka 1910 na vita na mawimbi vimeikata mikono, lakini bado imesimama.

Vernazza ndo kizuri kuliko vyote kwa macho yangu. Bandari ndogo, boti zimefungwa katikati ya kiwanja, kanisa la Santa Margherita limesimama ukingoni mwa maji, na upande wa pili juu ya mwamba kuna mnara wa ngome. Usiku watalii wakishaondoka mnakaa kwenye ukuta wa bandari mnasikia maji tu. Ila vyumba vingi viko juu ya ngazi nyembamba na ufukwe ni mdogo sana.

Manarola na Riomaggiore ni miji ya mwamba, hakuna ufukwe wa mchanga, watu wanaogelea wakirukia majini kutoka kwenye mawe, maji ni ya kina papo hapo. Kama mmoja wenu hajui kuogelea msiweke kambi huku, njooni jioni kutazama machweo. Corniglia iko peke yake juu ya mlima, mita mia moja hivi juu ya bahari, na kutoka kituo cha treni kuna ngazi karibu 380 za kupanda, au mnasubiri basi dogo. Kwa sababu ya hizo ngazi watu wa haraka wanairuka, kwa hiyo ina utulivu ambao vingine vinne havina, na wapenzi wanaotaka kweli kujificha mi ningewapeleka pale, mradi wabebe begi dogo la mgongoni.

Bajeti ikibana kuna Levanto, sio kati ya vile vitano lakini iko jirani tu, treni toka hapo mpaka Monterosso ni dakika chache, ufukwe mpana, vyumba nafuu, na jioni mji una watu wa kawaida wanaoishi maisha yao. Hamtajuta. La Spezia ni nafuu zaidi lakini ni mji wa bandari, mtalala mbali na bahari ya kuoga, na meli kubwa za kitalii zinatia nanga pale asubuhi zinamwaga maelfu wanaokwenda vijijini kwa treni ileile mnayoitaka nyie. Ndo maana nasema laleni ndani: kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni ni zamu yao, kabla na baada ya hapo kijiji ni chenu.

Hatua ya 4: Kubuku chumba, na maswali ya kuuliza

Hoteli kubwa hamna, vingi ni vyumba vya familia ndani ya nyumba za zamani, wanaviita affittacamere. Kabla hamjalipa mtumieni mwenye nyumba ujumbe mumuulize ngazi ni ngapi toka barabarani mpaka mlangoni, kuna kiyoyozi, dirisha linaangalia wapi. Kwenye tangazo wakiandika vista mare maana yake mnaiona bahari, ila kuna ya kuiona mbele yenu na kuna ya kuchungulia shingo upande, ombeni picha iliyopigwa toka kitandani. Balkoni ndogo yenye viti viwili kwangu ina thamani kuliko chumba kikubwa, kwa sababu asubuhi mtakunywa kahawa hapo mmevaa kanga na hakuna wa kuwaharakisha.

Swali ninaloulizwa sana na watu wa nyumbani: je wanadai cheti cha ndoa? Hapana, hawadai. Wanachodai ni pasipoti za wote wawili, kwa sababu sheria yao inamlazimu mwenye nyumba kuripoti wageni polisi, kwa hiyo msishtuke akizipiga picha. Na kuna kodi ya kulala, euro chache kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi inalipwa kwa kesh mkifika na haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni.

Nyingine ndogo lakini muhimu, udi na ubani wa fungate acheni nyumbani au msifukize ndani, vyumba vina king'ora cha moshi na kuta ni za kupakana.

Hatua ya 5: Kufika

Viwanja vya ndege vya kuangalia ni Pisa, Genova na Milano Malpensa. Kutoka Afrika Mashariki mara nyingi rahisi ni Milano, kwa mfano Ethiopian mnaunganisha Addis Ababa, au mashirika ya Ghuba. Toka Malpensa mnachukua treni ya uwanja wa ndege mpaka Milano Centrale kama dakika 50, alafu treni ya Intercity ya kupitia Genova, nyingine inasimama Monterosso kabisa, safari ni kama masaa matatu. Kaeni upande wa kulia, baada ya Genova bahari inaonekana upande huo na inaingia na kutoka kati ya mahandaki, ni mwanzo mzuri wa fungate hata kama mna usingizi.

Toka Pisa ni fupi zaidi, kutoka uwanjani kuna kitreni cha dakika tano mpaka Pisa Centrale, kisha treni ya mkoa ya saa moja na kidogo mpaka La Spezia, hapo mnabadilisha mnaingia treni ya vijijini.

Gari msikodi. Magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia vijijini, maegesho ni ghali na yako juu mlimani, na miji mingi ya Italia ina maeneo ya kamera ambayo ukiingia faini inakufuata mpaka nyumbani kupitia kampuni ya gari.

Hatua ya 6: Tiketi za treni

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima muigonge kwenye kimashine pale stesheni kabla ya kupanda. Mkisahau mkaguzi anawapiga faini, hata uwe umelipa. Ratiba zote ni za masaa 24, kwa hiyo 14.10 ni saa nane na dakika kumi mchana, andikeni kwa saa zetu pembeni kama mmoja wenu huwa anachanganya.

Kati ya vijiji, safari moja ya dakika nne inaweza kula euro 5 mpaka 10 kwa mtu kutegemea msimu. Siku mnayotaka kuzunguka nunueni Cinque Terre Treno Card ya siku nzima, inafungua treni zote za mkoa kati ya Levanto na La Spezia, njia za miguu za kulipia, kile kibasi cha Corniglia na vyoo vya stesheni. Siku ya kulala ufukweni msinunue, haina kazi. Hapa watu wanapoteza hela wakinunua kadi ya siku tatu mfululizo wakati siku moja walishinda kwenye maji. Alafu angalieni treni ya mwisho ya usiku, usiku treni zinapungua na teksi ya kuaminika hamna.

Hatua ya 7: Siku zenyewe zipangwe hivi

Siku ya kwanza msifanye kitu. Fikeni, ogeni, tokeni jioni kula, laleni.

Siku ya pili ni ya bahari. Ufukwe una sehemu mbili, ya kulipia ambako mnapewa mwavuli mmoja na vitanda viwili, kuanzia euro 30 hivi kwenda juu na mstari wa mbele ni ghali zaidi, na ya bure wanayoiita spiaggia libera, mnatandika kitambaa chenu. Fungate mara moja, mi ningelipia siku moja nikae mstari wa mbele. Chini ni kokoto na changarawe kuliko mchanga, kwa hiyo viatu vya mpira vya kuingilia majini ni lazima. Na maji yale hayajai wala hayapwi kama yetu, tofauti ni ndogo mno, hivyo hamna habari ya kusubiri bamvua, mnaingia saa yoyote. Bendera nyekundu ikipandishwa tokeni, na mkiwaona watu wanatoka ghafla bila bendera ulizeni kama kuna yavuyavu, wanawasha. Mkitoka ufukweni vaeni nguo kabla ya kuingia mtaani, kutembea na nguo ya kuogea kwenye kijiji hawapendi, na kanisani mabega na magoti yafunikwe.

Siku ya tatu amkeni mapema mkatembee. Njia ya Monterosso mpaka Vernazza ni kama kilomita tatu na nusu, masaa mawili kwa mwendo wa wapenzi, inapanda ngazi nyingi za mawe mwanzoni kisha inapita katikati ya malimau na mizabibu, na mwisho kabla ya kushuka mnaiona Vernazza yote chini yenu na bandari yake. Muanze saa moja asubuhi, mkichelewa mpaka saa nne njia ni nyembamba mtakuwa mnapishana na makundi. Viatu viwe vya kufunga vyenye soli ya kushika, hifadhi imepiga marufuku ndala kwenye njia na faini yake ni ya kuumiza. Mkifika Vernazza ogeni bandarini, kuleni, rudini na treni.

Kama mna nguvu bado, mchana kukipungua joto endeleeni mpaka Corniglia, njia nyingine ya saa moja na nusu hivi. Pale juu nyuma ya kijiji kuna kibaraza wanakiita Santa Maria, kinaangalia bahari pande zote. Ndugu yangu uliyebeba pete mfukoni, pale ndo mahali. Watu wengi wanakwenda kuvishana pete Manarola pale Punta Bonfiglio kwa sababu ndo picha maarufu, lakini wakati wa machweo pale mnasimama bega kwa bega na watu mia, na swali kama lile linataka nafasi. Manarola nendeni jioni nyingine kwa ajili ya macho tu, tangulieni nusu saa mbele mpate pa kukaa.

Via dell'Amore, Njia ya Mapenzi, inaunganisha Riomaggiore na Manarola, ni tambarare imechongwa kwenye mwamba juu ya maji, fupi haifiki hata kilomita moja. Ilitokana na kazi za reli, wafanyakazi walihitaji njia, na baadaye vijana wa vijiji viwili wakaifanya ya kukutania. Mwaka 2012 mawe yaliporomoka yakajeruhi watu, ikafungwa miaka mingi, ikafunguliwa tena 2024. Saizi mnabuku saa yenu mtandaoni, mnalipia juu ya ile kadi, mnaanzia upande wa Riomaggiore na hairuhusiwi kurudi nyuma. Mi nasema nendeni, na mchukue nafasi ya jioni kabisa mkiipata.

Siku ya nne ni ya boti. Boti za abiria zinapita toka masika mpaka mwanzoni mwa Novemba, zinasimama vijiji vyote isipokuwa Corniglia kwa sababu haina gati, na zinaendelea mpaka Portovenere ambako kuna kanisa la San Pietro kwenye ncha ya mwamba na kisiwa cha Palmaria ng'ambo yake. Bahari ikichafuka haziendi, kwa hiyo msiiweke siku ya boti ikawa ya mwisho kabisa bila akiba. Na kama kuna sehemu moja ya kutumia hela ya ziada, basi ni boti ndogo ya mbao na nahodha wake kwa masaa mawili ya jioni, mnaviona vijiji toka baharini taa zinawaka moja moja, nahodha anazima injini mnaoga kwenye maji ya kina. Pale Monterosso jua linajificha mapema nyuma ya rasi ya Punta Mesco, mkiwa kwenye boti mnalifuata.

Hatua ya 8: Kula

Mtu wa pwani hapati shida Liguria. Pweza na viazi, ngisi, kome wa La Spezia, na dagaa wao wa Monterosso wanaoitwa acciughe, ndugu kabisa wa dagaa mchele wetu, wanakaangwa, wanalowekwa kwenye limau, au wanawekwa chumvi, na mwezi Septemba wana sherehe yao maalumu. Alafu pesto. Ule mrehani ambao mwanamke wa Mvita au Unguja anauchanganya na asumini kwenye kikuba, wenzetu wanautwanga na mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, njugu za msonobari na jibini, wanachanganya na tambi fupi zilizosokotwa wanazoita trofie. Mkifungua sahani ile harufu inawapeleka harusini moja kwa moja.

Asubuhi msilipe chai ya hoteli, nendeni kwenye duka la mikate mchukue focaccia ya moto, mkate bapa unaong'aa mafuta ya zeituni, mkale kwenye ukuta wa bandari. Kuna na farinata, chapati nene ya unga wa dengu ya tanurini, nafuu na inashiba. Kahawa mkinywa mmesimama kaunta ni nafuu, mkikaa mezani bei inapanda, hiyo ni kawaida yao.

Mgahawani mambo mawili ya kuangalia. Coperto ni euro mbili tatu kwa kila kichwa kwa ajili ya meza na mkate, sio wizi. La pili ndo linaumiza watu: samaki mzima mara nyingi bei imeandikwa kwa etto, yaani kwa gramu 100, mnaona euro 8 mnafurahi, analetwa samaki wa kilo moja na bili inakuja euro 80. Mwambieni mhudumu ampime awatajie bei kabla hajaenda jikoni. Bakshishi hawadai. Jikoni zinafungwa mchana, chakula cha mchana ni saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu hivi, cha usiku kinaanza saa moja na nusu, na meza ya nje yenye bahari mbele mbuku siku moja kabla.

Kwa wanaokula halali, nyama halali vijijini msiitegemee, mshike samaki, pesto, farinata na pansoti, zile tambi zilizojazwa majani na kumwagiwa mchuzi wa njugu za walnati. Maneno ya kukwepa ni maiale, prosciutto, pancetta, lardo na strutto, yote ni nguruwe au mafuta yake, na ragù ya nyama mara nyingi ina nguruwe ndani. Saa ile ya jioni wenzenu wanapokunywa pombe, mnaomba analcolico, yaani kinywaji kisicho na kileo, au chinotto, soda chungu tamu ya tunda la huko Liguria, inaletwa na zeituni na karanga vilevile. Wanaokunywa waulize sciacchetrà, mvinyo mtamu wa zabibu zilizokaushwa za matuta yaleyale mliyopita asubuhi, ni ghali na glasi ni ndogo, mnaonja wawili glasi moja.

Salamu ni buongiorno mchana na buonasera jioni, mkiingia dukani semeni kwanza ndo muulize bei, watawapokea vingine kabisa. Mtu wa Malindi au Watamu hapa hafundishwi, ameshazisikia toka utotoni kwa Waitaliano wa kule.

Hatua ya 9: Vya kubeba

Adapta ya plagi, kwa sababu zile pini tatu bapa za Kenya na Tanzania haziingii kwenye soketi za Italia. Viatu vya njia na vya majini. Sweta jepesi, jioni ya Septemba upepo unashuka mlimani. Kesh kidogo ya euro kwa ajili ya kodi ya chumba na maduka madogo, kadi kwa mengine yote. Chupa ya maji ya kujaza, mabomba ya mtaani ni maji safi ya kunywa. Kila mmoja abebe kitambulisho chake akitoka, treni zina ukaguzi na polisi wana haki ya kuomba. Sanduku moja dogo kila mtu, ngazi zitawakumbusha.

Hatua ya 10: Kuondoka

Siku mbili kabla ulizeni kwa mwenye nyumba au muangalie kwenye aplikesheni ya Trenitalia, kampuni yao ya treni, kama kuna sciopero, mgomo wa treni, Italia ni jambo la kawaida na hutangazwa mapema, na siku za kazi za mgomo treni za asubuhi na za jioni za wafanyakazi huwa zinalindwa na sheria, kwa hiyo mnaweza kujipanga nazo. Kama ndege inaruka asubuhi toka Milano, usiku wa mwisho laleni Milano au Genova, msibahatishe na treni ya alfajiri. Na pesto, mafuta ya zeituni na dagaa wa chumvi mlionunua viwekeni kwenye sanduku la chini ya ndege mkiwa mmevifunga na nguo, maana kwenye begi la mkononi chupa ya zaidi ya mililita 100 kwenye viwanja vingi bado inabaki pale ukaguzi.